Jibu la Katekista

Filimbi za msako zilianza upande wa reli, asubuhi, chai ikiwa bado motoni. Shamila, muuza chai, alimsukuma Bibi Levina ndani ya kihenge cha nafaka, akamfunika kwa magunia, kisha akaketi mbele yake kuchambua mchele. Alichambua bila kutazama, chuya zikarudi kwenye mchele safi.

Kosa la bibi lilikuwa macho mekundu. Maisha yote kapuliza kuni mbichi. Angekuwa na macho ya rangi gani? Lakini ng'ombe wa Shigela walikuwa wamekufa, na Shigela, mkuu wa vijana waliojiita walinzi wa kijiji hicho cha nje ya Bukene, alikuwa anasaka mchawi.

Wanywaji chai wawili walikuwa wameona yote.

"Mtoe," alinong'ona Mahona, balozi wa nyumba kumi. "Wakimkuta hapa watachoma mtaa mzima, na watoto wamo. Bibi mmoja, tena jua lake limeshatua. Pima mwenyewe."

"Ukizoea kupima watu kama mahindi, balozi, nawe utatiwa kwenye mizani," Shamila alijibu. "Katekista, unasemaje?"

Kornel, katekista, mnywaji wa pili, alikikodolea kikombe macho. Kijiji kizima kilijua hajawahi kusema uongo, hata kuhusu mapishi ya mkewe, na ndiyo maana alikonda.

"Kumtoa ni dhambi. Kudanganya ni dhambi. Amri haikuwekewa mlango wa nyuma. Nitanyamaza."

"Ukinyamaza wewe, watajua."

"Na wewe unafuata lipi?" Mahona alimuuliza Shamila.

"Mimi sina elimu hiyo. Najiuliza tu, kesho nikimkorogea mtu uji, mkono huu utakuwa wa nani."

Mlango ulisukumwa. Shigela aliingia na upinde. Nyuma yake, mapanga.

Shamila alikuwa Mzaramo, na Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi, kina Shigela, tangu enzi za wapagazi, na mtani hakasirikiwi. Akakimbilia kwenye utani.

"Karibu, mtani. Mchawi wako yumo kihengeni. Namnenepesha nikuozeshe, maana wasichana wamekukataa."

Vijana walicheka. Shigela hakucheka.

"Mtani husema kweli akicheka. Sogea."

Shamila aliganda. Ulimi uliomwokoa kote alikopita, leo umemuuza. Nyuma ya mgongo wake alisikia kihenge kikipumua.

Shigela akamgeukia Kornel. "Katekista, wewe hudanganyi. Yumo?"

"Hayumo."

Shigela aliitikia kwa kichwa, akaomba radhi. Wakatoka.

Hakuna aliyefurahi. "Wameniamini," Kornel alisema, kama anayeleta habari za msiba.

Filimbi zilitambaa uchochoroni, kisha zikanyamaza. Mahona akachungulia dirishani.

"Wamesimama kwa Eustadia."

Eustadia naye alikuwa kikongwe. Naye alipikia kuni.

"Nilisema mimi, pimeni," balozi akasema.

Kornel aliweka kikombe chini, akainuka. "Basi na huko wataniamini," akasema, akatoka.

"Balozi, kaa na bibi," Shamila alisema. "Ukimtoa, nitakutania hadi kaburini kwako." Sauti ilikuwa ya mzaha. Akajifunga khanga kiunoni, akamfuata.