Siku Tatu Alizoshiba Deputy

Deputy alikuwa sungura, na jina hilo Amondi alimpa siku ile ile alipomleta nyumbani, kwa sababu ya masikio. Katika shule ya Amondi, naibu wa mwalimu mkuu, yaani deputy, angeweza kukaa ofisini na kusikia pakiti ya krispsi ikifunguliwa bweni la mwisho. Tofauti ilikuwa moja tu: huyu wa manyoya hajawahi kuripoti mtu.

Kwa kawaida ukisogea kibandani na jani la sukuma wiki, unamkuta Deputy ameshasimama kwa miguu miwili, pua inacheza, kama karani anayengoja ufafanue shida yako. Jumamosi hiyo ya likizo, saa sita mchana, hakuja. Alikuwa amejikunyata pembeni, macho nusu, akisaga meno polepole. Amondi akaweka jani mbele ya pua yake. Deputy akaligeuzia uso. Chini ya waya, mahali ambapo kila asubuhi palikuwa na vinyesi vya kufagia, vya mviringo kama pilipili manga, hapakuwa na hata kimoja. Amondi akampapasa tumbo, likawa limekaza kama mpira uliopigwa pampu na mtu mwenye hasira.

Amondi alikuwa kidato cha tatu, msichana mwenye mdomo mwepesi ambaye angeweza kutania hata kwenye matanga. Hakupata utani wowote. Alimtoa Deputy, akamkumbatia kifuani, akaingia naye ndani.

Ndani palikuwa kimya, kimya cha njaa. Nyumba yao ya mtaa wa Pioneer ilikuwa katika siku ya tatu ya kufunga. Mama yake, Rosebella, kiongozi wa kwaya na kiongozi wa kila kitu kingine, ndiye aliyetangaza mfungo huo: Alhamisi mpaka Jumamosi, kuanzia alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni, hakuna kuweka kitu mdomoni ila maji, ili Mungu amkumbuke Oluoch, kaka mkubwa wa Amondi, aliyeitwa intavyu ya kazi Jumatatu. Hii ilikuwa intavyu ya nne. Zile tatu za kwanza familia iliziombea ikiwa imeshiba, na Mama alikuwa amegundua kwamba hapo ndipo walipokosea.

Ushauri ulikuja kwa wingi, maana mtu mwenye njaa huwa na maoni. Baba, Mzee Obonyo, aliyekuwa akitunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi huko mjini, alisema tumbo likisumbua dawa yake ni kulipumzisha, asipewe chochote mpaka kesho. Oluoch alisema huenda sungura naye ameamua kufunga kwa ajili yake, na kwamba katika nyumba hii angalau kuna mmoja mwenye moyo. Mama Njeri, jirani wa ghorofani upande wa pili wa ukuta, aliyekuwa akifuga sungura arobaini wa kuuza, alikuja na kanga begani, akamtazama Deputy mara moja tu kama fundi anayetazama gari la kuuzwa kwa vipuri.

"Hiyo haifiki Jumatatu," akasema. "Mchinje saa hii, bado iko na nyama. Kisu niko nayo."

Oluoch akasema kwa sauti ya chini kwamba saa kumi na mbili haikuwa mbali, na kufungua mfungo kwa kitoweo si dhambi. Amondi akamtazama kwa namna ambayo ilimkumbusha Oluoch kwamba alikuwa na viatu vya kupiga rangi.

"Huyu hachinjwi, Mama Njeri," Amondi akasema. "Na leo hafi."

Alimweka Deputy kwenye kikapu cha sokoni, akamfunika kwa leso, akapanda boda boda mpaka mjini. Kwenye agroveti, duka la dawa za mifugo, mwuzaji alishusha chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi, akaeleza kwamba kwa mnyama mdogo hivi robo kifuniko itatosha. Amondi akamwuliza kama amewahi kuona sungura akinywa dawa hiyo akapona. Mwuzaji alikuwa mtu mkweli. Akasema wengi wameinunua, ila hakuna sungura aliyerudi kumpa habari. Kisha akairudisha chupa juu ya rafu, akamwandikia nambari ya daktari wa mifugo kwenye kipande cha karatasi.

Amondi alipompigia simu, Daktari Jelagat alikuwa Chepkoilel, nje ya mji, na kwa sauti yake ilionekana mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya ng'ombe. Alimsikiliza Amondi bila kumkatiza, kisha akauliza maswali mawili: amekula lini, na ameenda choo lini. Akasema atapita Pioneer saa kumi akitoka huko. Kabla ya hapo, ampashe joto, amsugue tumbo taratibu kutoka mbele kwenda nyuma, amtembeze, na asimshindilie kitu mdomoni mpaka tumbo lishikwe na mtu anayelijua. Amondi alipomwambia habari ya kulipumzisha tumbo mpaka kesho, daktari alikataa papo hapo.

"Mtu anaweza kufunga," akasema. "Sungura hawezi. Tumbo lake likisimama siku nzima, amekwenda."

Amondi akarudi nyumbani, na kwa muda wa saa tatu zilizofuata hakukaa chini. Alijaza chupa mbili maji ya moto, akazifunga kwa jezi ya Oluoch ya mpira bila kuomba ruhusa, akamlaza Deputy katikati. Alimsugua tumbo. Alimweka kwenye nyasi, akamsukuma hatua mbili, akamngoja, akamsukuma tena. Kila akijikunyata alimwinua. Alimpigia hadithi zote za shule, hata ile ya mpishi na funguo za stoo aliyoapa kutomwambia mtu. Alimwambia hawezi kuondoka sasa, amengoja mwaka mzima na nusu, bado kidogo tu yeye amalize kidato cha nne wapumzike wote wawili. Alipochoka mkono wa kulia alitumia wa kushoto. Mama alipita mara mbili akamwambia akae chini kidogo, na mara zote mbili aliambiwa bado.

Daktari Jelagat alifika kwa pikipiki yake, gambuti zikiwa na matope ya Chepkoilel yote. Aliomba meza. Meza iliyokuwepo ilikuwa ya sebuleni, yenye kitambaa cheupe Mama alichokifuma kwa mkono, ambacho hata mchungaji haruhusiwi kuwekea kikombe. Mama alifungua mdomo, akamwangalia bintiye, akaufunga. Deputy akalazwa juu ya kitambaa. Familia yote ikazunguka, na Mama Njeri akasimama mlangoni, kujua tu.

Daktari alibonyeza, akasikiliza kwa vifaa vyake vya masikioni upande huu, upande ule, muda mrefu.

"Tumbo limesimama," akasema. "Halisemi kitu."

Kisha akatoa chupa ndogo, akaiweka mezani, na kueleza kwa lugha nyepesi kabisa. Kuna mambo mawili yanayoweza kumfanya sungura hivi. La kwanza, amekula vyakula vya unga, vitamu au vya ngano, vimechacha ndani na kuleta gesi. Kama ni hilo, sindano hii italiamsha tumbo, na ana nafasi nzuri. La pili, amemeza kitu kisichopita, nailoni au kitambaa, na kimeziba njia. Kama ni hilo, sindano hii hii italisukuma tumbo dhidi ya kizibo hicho, na litapasuka. Kwa kushika tu hawezi kujua. Mashine ya picha hana.

"Kwa hivyo nataka kujua alikula nini tangu Alhamisi," akasema. "Kila kitu. Na haraka."

Watu wakatazama kitambaa.

Mama akajibu kwa niaba ya nyumba kwamba Deputy hula sukuma na nyasi, na kwamba katika nyumba hii, kwa siku tatu, hakuna mtu aliyepika mchana wala kununua kitu, maana wamefunga. Daktari akasema kama ni sukuma na nyasi tu, basi itabidi achukulie ni nailoni, na hatadunga. Akaanza kurudisha chupa mfukoni.

Amondi akamshika daktari mkono. Alijua kitu ambacho hakikuwa sukuma.

"Andazi," akasema. "Nusu. Jana saa nne."

Mama akamgeukia polepole. Amondi hakumtazama, alimtazama daktari. Akaeleza kwamba nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na kibanda, ndipo mahali pekee ambapo dirisha la jikoni halioni. Alikuwa amekula andazi hapo, na nusu iliyobaki alimpa Deputy, maana makombo yangeonekana na Deputy hasemi. Daktari akatikisa kichwa. Akasema nusu ya andazi haiwezi kujaza tumbo namna hii, labda ziwe sita.

Amondi akamtazama Oluoch. Oluoch alikuwa akisoma kalenda ya ukutani kwa bidii ya mtu anayefanya mtihani. Akamtazama Baba. Baba alikuwa akikuna goti. Na hapo Amondi, aliyekulia na watu hawa, akaelewa kwamba yeye hakuwa wa kwanza kugundua ile sehemu ya nyuma ya tangi.

Chini ya mkono wake Deputy alitetemeka, akasaga meno. Hakukuwa na wakati wa kubembeleza mtu.

"Mama Njeri," akasema kwa upole, bila kuondoa mkono tumboni pa sungura. "Wewe kamba yako ya nguo iko juu ghorofani. Siku hizi tatu ukianika, umeona nini huku kwetu?"

Mama Njeri akarekebisha kanga. Alikuwa na uso wa mtu aliyengojea swali hilo tangu Alhamisi.

"Sasa mimi sipendi kuingilia mambo ya watu," akaanza, "lakini—"

"Chapati," Oluoch akasema kwa haraka. "Mbili. Juzi. Na jana moja. Nilimpa kando kando, zile ngumu."

Mama akamwuliza Oluoch, kwa sauti ya chini sana, kama anakumbuka mfungo huu ni wa nani. Oluoch akasema anakumbuka, ila hofu ya intavyu huwa inamshika tumboni.

Baba akakohoa. Akasema kwamba mtu akitoka stoo amebeba simiti mchana kutwa, na mama mmoja barabarani anachemsha mahindi, si kwamba mtu amekusudia. Alikula hindi moja Alhamisi, moja Ijumaa. Zile punje za mwisho, ambazo meno yake hayazifikii vizuri, alimpa huyo mtoto wa watu.

Daktari alikuwa akihesabu kimyakimya kwa vidole. Chupa ilikuwa imerudi mezani. Bado hakuifungua.

"Hesabu imebaki kidogo kutimia," akasema. "Kuna mwingine?"

Hakuna aliyethubutu kumtazama Mama. Amondi pekee alithubutu. Alimtazama mama yake moja kwa moja, si kwa dharau wala kwa utani, bali kama anayeomba maji.

"Mama, tafadhali. Atakufa."

Mama Rosebella akavuta kiti, akakaa. Akanyoosha ukingo wa kitambaa uliokuwa umenyooka tayari.

"Dawa ya presha haimezwi na tumbo tupu," akasema. "Skonzi. Moja kila siku." Akamtazama Deputy. "Nusu ilikuwa yake. Alikuwa ananiangalia."

Daktari Jelagat hakucheka, ingawa mdomo wake ulijaribu. Alivuta dawa kwenye sirinji, akamdunga Deputy nyuma ya shingo, akamwongezea maji chini ya ngozi na kitu cha kutuliza maumivu. Akampa Amondi sirinji isiyo na sindano na mfuko wa unga wa nyasi: ukoroge na maji ya vuguvugu, umpe kidogo kidogo kila saa mbili, usiku na mchana, na tumbo lisuguliwe. Akiona choo, ampigie. Asipoona mpaka asubuhi, ampigie pia.

Amondi akapanga zamu. Hakuuliza nani yuko tayari. Aliandika majina matatu nyuma ya ratiba ya kwaya, akabandika mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hiyo Mama alipangiwa saa na mtu mwingine bila kusema neno. Baba alipewa saa tisa usiku. Oluoch alifundishwa kushika sirinji pembeni mwa mdomo, akapakwa nyasi shati lote. Amondi hakuwa na zamu. Alikuwepo kwenye zote.

Jumapili kulipopambazuka, Mama alikuwa amevaa joho la kwaya, amechelewa, akisugua tumbo la Deputy zamu yake ya mwisho, Amondi amelalia mkono wake kwenye sakafu kando yake. Mama akamgusa bega. Juu ya gazeti palikuwa na kitu kimoja, kidogo, cheusi, cha mviringo. Wakakitazama wote wawili. Kisha kikaja cha pili.

Mama akapiga magoti na joho lake.

"Bwana asifiwe," akasema, na hapo hapo akamwita Baba aje aone, na Baba akaja, na Oluoch akaja na mswaki mdomoni, wakasimama wanne wamezunguka vinyesi viwili vya sungura kama watu wanaopokea mgeni kutoka ng'ambo. Deputy akanyoosha shingo, akalinusa jani la sukuma lililokuwa kando yake, akalikata kipande.

Mchana huo Amondi na Oluoch walihamisha kibanda kutoka nyuma ya tangi, wakakiweka mbele kabisa, chini ya dirisha la jikoni, mahali ambapo kila mtu anaona na hata Mama Njeri hana haja ya kunyoosha shingo. Jumatatu asubuhi Oluoch alikula uji na mayai mezani, mbele ya wote, Mama akimwongezea bila kuombwa, kisha akaenda intavyu. Jioni Baba alirudi na hindi la kuchemsha mkononi. Akasimama mbele ya kibanda. Deputy akainuka kwa miguu miwili, pua ikicheza. Baba akatazama dirishani, akamkuta Amondi amesimama pale, mikono kiunoni.

Baba akala hindi lote mwenyewe, mpaka punje ya mwisho, akitumia meno ya upande wa pili.