Konde Lisilo na Jina

Baba alikuwa amesimama katikati ya shamba letu wenyewe, koti amelivaa ndani nje, akigeuka taratibu kama mtu anayesikia akiitwa kutoka pande zote.

"Baba, mbona umesimama tu?"

"Usije huku, Gobnait. Utapotea na wewe."

Kwetu Kerry, ukikanyaga udongo unaopoteza watu, unageuza koti na njia inakurudia. Baba alikuwa ameshaligeuza.

Juzi yake tu katapila lilikuwa limezibomoa kuta. Makonde yetu yalikuwa madogo, yamezungushiwa kuta za mawe ambayo mababu waliyang'oa humohumo ardhini, na udongo wake waliutengeneza kwa mchanga na mwani waliobeba mgongoni kutoka ufukweni. Kila konde lilikuwa na jina. Goti la Síle, kwa sababu bibi yake baba alivunjikia goti pale. Konde la Ugomvi. Kitanda cha Mjane. Baba alitaka yawe shamba moja, trekta ya kaka yangu Dónall ipite. Jirani yetu Tadhg alikuja kutazama, akasema, "Muiris, sasa utageuza trekta bila kusali kwanza." Baba akacheka kuliko sisi sote.

Nikamwendea. "Tupotee vipi, baba? Nyumba ile pale."

"Pale wapi?"

Nikanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani. Mbingu ilikuwa ya kijivu kotekote, kilima kimeificha nyumba, na mbele yangu ni majani matupu. Nilizaliwa pale. Nilijaribu kukumbuka nilikuwa nikipitaje kila siku, nikagundua kwamba sikuwa nikikumbuka. Kuta ndizo zilizokuwa zikinikumbukia. Nikaona haya, kisha nikaogopa, na sikujua naogopa nini.

"Síle aliangukia wapi?" baba akauliza.

"Sijui, baba."

"Hata mimi."

Ng'ombe wetu mwekundu alikuwa akila karibu nasi. Saa ya kukamuliwa ilipofika akainua kichwa, akaanza kutembea. Tukamfuata, tukitegemea atakata moja kwa moja. Hakukata. Alikwenda akifuata ukuta ambao haukuwepo, akafika mahali, akapinda, akajibana mbavu kana kwamba anapita kwenye pengo jembamba. Akapinda tena. Baba akawa anapinda anapopinda yeye, na kila pengo alilitaja jina kwa sauti ya chini: Kitanda cha Mjane, Ugomvi. Mahali fulani akasimama, akavua kofia.

"Goti," akasema.

Tulipofika nyumbani, mama alikuwa mlangoni. Akalitazama lile koti.

"Mlikuwa wapi nyinyi?"

"Shambani," baba akajibu.

"Muda wote huo?"

Baba akakaa kwenye benchi nje, akalivua koti, akaanza kuligeuza, mkono mmoja wa koti ukamshinda. Nikamsaidia. Hapo ndipo Dónall alipokuja, mikono imejaa grisi, amefurahi, akasema kesho ataanza kulima.

"Utaanzia wapi?" baba akamuuliza.

"Kokote tu, baba. Si lote sasa ni moja?"

Baba akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniuliza mimi, polepole, kama mtu anayeulizia jina la mgeni aliyekwisha kuingia ndani:

"Na hilo moja, linaitwaje?"

Dónall akanitazama. Mama naye akanitazama. Nikasema maziwa yatachelewa, nikachukua ndoo.