Lipu Iliyokataa Moto

Klementina aliinama mbele ya mafiga, akafukua majivu, akakuta kaa moja bado jekundu. Aliweka juu yake nyasi kavu na vipande vya mabua, akapuliza. Kaa likazima. Akachukua kigae cha chungu, akafunga kaniki yake vizuri, akaenda kwa jirani yake Eufrasia kuomba moto.

"Hodi, Mama Brigita."

"Karibu. Umekuja na kigae? Basi rudi nacho." Eufrasia alikuwa ameketi mlangoni, anatafuna mchele mbichi uliolowekwa. "Wangu umezima tangu jana. Nikiupuliza unalala kama mtoto aliyebembelezwa."

"Twende kwa Tekla."

"Tekla ndiye aliyekuja kuomba kwangu."

Walicheka, kisha wakakohoa, Eufrasia akashika ubavu. Jambo hilo, pumzi kuzima moto badala ya kuuwasha, lilikuwa limewapata wanawake wote waliokandika nyumba ya Bwana, yule Mzungu mtawala, hapo Ifakara, na lilidhaniwa ni uchovu wa kazi ile ambao utapita. Wakaenda kwa Kandida, ambaye wakati wa kukandika alikuwa ndani na mtoto mchanga, hakwenda. Pumzi ya Kandida iliwasha moto kama pumzi ya mtu yeyote. Alikubali kuwawashia, ila aliwaomba wakae mbali kidogo na mafiga yake wanapohema.

Klementina hakusumbuka sana. Mtu huzoea. Alianza kusumbuka siku ile bintiye Digna, aliyekuwa ameanza kujitwika mtungi mdogo, alipoinama kuchochea moto uliotoka kwa Kandida. Digna alipuliza mara moja tu. Makaa yote yakawa meusi, na maji yaliyokuwa yanachemka chunguni yakanyamaza.

"Mama, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Kaa pale."

Lakini Digna hakuwahi kukanyaga nyumba ya Bwana hata siku moja.

Sasa habari ya nyumba hiyo ni hivi. Wakati wa vita vya Majimaji askari walichoma nyumba na maghala ya mpunga kutoka mtoni mpaka milimani. Siku walipofika, Klementina alikuwa shambani. Mwanawe wa kwanza, Viktor, alikuwa amelala ndani na homa. Mama aliporudi alikuta mafiga yamesimama peke yake katikati ya majivu. Baadaye alimzaa Digna, na tangu hapo hakulala usingizi mzima chini ya paa la nyasi. Akisikia kuni zinalia, anaamka. Akiliona jua ndotoni, anaamka.

Vita vikaisha, njaa ikala waliobakizwa, mvua zikarudi. Bwana aliyeletwa kutawala upande huu akajenga nyumba, na jumbe akatangaza kwamba wanatakiwa wanawake wanaojua kukandika. Mifuko ilikuja kwa mitumbwi. Ndani yake mlikuwa na kitu cheupe, chepesi, chenye nyuzinyuzi. Fundi Hermenegildi, aliyefuatana na Bwana kutoka Dar es Salaam, alikiita pamba ya mawe.

"Pamba tena?" Tekla aliuliza. "Hatujamalizana na ile ya kulimishwa."

Bwana alichota tonge la ile pamba, akalitupa katikati ya moto wa wapishi, akawasha kiko chake akavuta. Kisha akalitoa kwa koleo. Lilikuwa jeupe vilevile. Lilipopoa akaliweka katika kiganja cha Klementina, kwa kuwa ndiye aliyesimama karibu.

Wanawake walisogea kulitazama. Theodori, mpiga kasia aliyeleta mifuko, mwenye kovu la risasi pajani, ndiye aliyecheka.

"Ile dawa ya maji ya vitani tuliinywa kwanza, tukaijaribu baadaye," alisema. "Hii angalau imejaribiwa kabla."

Klementina alilishika lile tonge mpaka kazi ilipoanza.

Mke wa Bwana alitaka dari liwe na magamba kama ya samaki, na kuta ziwe na mawimbi. Hilo halikuwashinda. Walichanganya ile pamba na chokaa na maji, wakaipaka nene, wakagandamiza magamba kwa gunzi la mahindi, wakachora mawimbi kwa kitana. Ikikauka, walipanda tena juu ya majukwaa wakakwangua ncha zilizozidi. Vumbi lilishuka kama unga unapopepetwa. Na bonde zima linajua kwamba ukuta uliokandikwa kimya hupasuka, kwa hiyo waliimba kutoka asubuhi mpaka jua linashuka, nyuso zimeelekea juu, midomo wazi.

Fundi Hermenegildi hakuimba. Alijifunga kitambaa puani na mdomoni.

"Fundi, kwani tunanuka?" Eufrasia alimtania.

"Mnanukia, Mama Brigita, ndiyo maana naogopa."

"Tuazime na sisi hicho kitambaa basi."

"Hiki kanipa Bwana. Kilikuja kimoja." Akashuka, akaenda kusimama nje, upande upepo unakotoka, alikosimama Bwana.

Vumbi lililofagiwa lilikuwa la kutupwa mtoni. Wanawake waliomba walichukue, wakaruhusiwa. Klementina alibeba kitunga baada ya kitunga. Nyumbani alikandika kuta zake, ndani na nje, akaweka dari la fito juu ya kitanda cha Digna, akalipaka nene kuliko la Bwana, na akaligandamiza magamba, maana mtoto naye apendezwe. Aliimba mpaka sauti ikakauka. Siku alipomaliza alilala mpaka jua likawa juu, na Digna akamwamsha kwa kuogopa kwamba amekufa.

Kwa miaka yote iliyofuata Digna alilala chini ya magamba yale. Usingizi ukichelewa alisimama kitandani akayakwangua kwa ukucha, gamba moja moja, vumbi likamwangukia usoni. Mama yake alimwona, akatabasamu. Angejua, asingetabasamu, lakini nani alimwambia?

Habari za pumzi ya Digna zilifika kwa Bwana. Kiangazi kile moto wa porini ulipovuka mashamba ukielekea kwenye uzio wake, askari walikuja kumchukua mtoto. Alisimamishwa mbele ya nyasi zinazowaka, akaambiwa apulize. Alipuliza, moto ukalala chini kutoka njiani mpaka mtoni. Akapewa chumvi kidogo kwenye jani. Alirudi amebebwa mgongoni, kwa sababu pumzi ya kutembelea hakuwa nayo. Walimwita tena majani ya kijiji jirani cha Katindiuka yalipowaka, na tena baada ya hapo. Kila akirudi kaniki ilimzunguka mara moja zaidi.

Eufrasia alikufa mwanzo wa masika. Waliofika msibani walikula kwa Kandida.

Asubuhi moja Digna alikohoa kwa muda mrefu, akatema kitu kikaangukia kwenye makaa. Klementina alikitazama. Kilikuwa uzi mweupe, mfupi kuliko kope. Uliwaka mwekundu, akangoja uungue. Haukuungua. Aliutoa kwa kijiti, ukapoa, akauweka kiganjani, na kiganja kikakumbuka.

Alitoa mkeka, mtungi na kinu, akamketisha Digna chini ya ghala la mpunga, akaenda kwa Kandida.

"Nipe moto, Mama Sebastiani."

"Unapika nini mapema hivi?"

"Nyumba."

Kandida alimtazama kidogo, akamchotea makaa mazuri kwenye kigae.

Klementina alisimama mbali, akaitia nyumba yake moto kwa ufito mrefu ili pumzi yake isiharibu kazi. Paa la nyasi liliwaka likaisha. Moto ulishuka darini, ukatembea juu ya magamba, ukashuka ukutani, ukarudi juu, ukazunguka kama mgeni anayetafuta mlango, ukatoka. Fito za chini ya lipu hazikushika hata moshi. Alirundika kuni ndani, akawasha tena. Kuni ziliisha. Nyumba ilibaki imesimama bila paa, nyeupe kuliko mwanzo, kana kwamba imeoshwa.

Watu walikuwa wamejaa. Mwanamke mmoja wa Katindiuka alisogea akaweka kiganja ukutani.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Tuliambiwa tukadhani maneno. Asante, dada. Umetuonyesha."

"Toa mkono!" Klementina alisema. "Hii inaingia kifuani, haitoki. Haikufa motoni, itakufaje ndani ya mtu? Eufrasia imemuua. Mtazameni Digna. Msiichukue, nawaomba."

Walimtazama Digna chini ya ghala, mabega yakipanda na kushuka.

"Wewe umekwisha kuipata, sasa unatunyima," alisema mwingine kutoka nyuma.

Yule wa Katindiuka hakukasirika. Aliendelea kuupapasa ukuta taratibu.

"Wako anakohoa, dada," alisema. "Wangu waliungua."

Klementina aliutazama mkono ule. Siku ile ya tonge la Bwana, mtu angemwonya hivi, naye angemjibu hivyohivyo.

"Basi mkikandika, fungeni midomo," alisema mwishowe. "Msiimbe."

"Ukuta si utapasuka?"

Bwana alipita na mbwa wake, akaitazama nyumba kwa muda, akaridhika. Fundi Hermenegildi, kitambaa kikiwa shingoni, aliambiwa aagize mifuko mingine, iwe mingi. Wanawake hawakungoja hiyo mifuko. Walirudi na vitunga na majembe, wakabandua lipu ya Klementina kuanzia mlangoni, wakagawana kwa haki, na wenye watoto wachanga wakaongezewa.

Jioni Klementina na Digna walikaa uani kwa Kandida. Ugali ulikuwa jikoni. Kutoka upande wa Katindiuka zilisikika sauti za wanawake wanaimba, zimepangika vizuri, na mtoni Theodori alikuwa anafunga mtumbwi uliodidimia karibu mpaka ukingoni mwake kwa uzito wa vitunga vya lipu.

"Mama, wanaimba nini?"

"Wanakandika."

Moto wa Kandida uliyumba, ukapungua.

"Geukia kule, mwanangu," Klementina alisema. "Watu wapike."

Digna aligeuka, akaelekeza uso mtoni, akahema kidogokidogo.