Sentimita Moja na Nusu

Hakuwa na shahada ya uhandisi. Hakuwa na kompyuta yake mwenyewe, wala sanduku la zana lenye magurudumu kama walilokuwa nalo wenzake, wala fulana zenye jina la timu mgongoni, wala betri ya akiba, wala mtu hata mmoja wa kumuuliza mashindano ya roboti huwa yanakwendaje. Hakuwa na miaka thelathini. Alikuwa na hamsini na minne, na goti la kulia lililomnung'unikia kila alipopanda ngazi. Na hakuwa na rula ya chuma. Hilo la mwisho ndilo lililomponza, na asubuhi ile, alipoingia ukumbini na wanafunzi wake watatu, wala hakujua kwamba analikosa.

Alikuwa mwalimu wa ushonaji. Shuleni walimwita Mwalimu Sindano, na jina hilo hakulichukia. Mwalimu wa fizikia aliyeanzisha chama cha roboti alihamishwa ghafla katikati ya muhula, akaacha maboksi mawili ya vyuma na watoto watatu walionuna. Walimu wengine walipoulizwa nani atawasimamia, kila mmoja alitazama dirishani. Yeye akasema, "Waje kwangu," kwa sababu chumba cha chama kilipakana na darasa lake, na kwa sababu katika maisha yake alikuwa amefungua cherehani zisizo na idadi na kuzirudisha zikiwa nzima.

Mwalimu mkuu alikitaka chumba kile kiwe stoo ya madawati. Akamwandikia barua rasmi: roboti ikipita ukaguzi na kuingia uwanjani, na ikionekana chama kina msimamizi anayeijua kazi yake, chumba kitabaki. La sivyo, madawati yataingia. Kamati ya shule itakaa Jumamosi saa tatu asubuhi, siku moja baada ya mashindano, na taarifa iwe imeshafika kwa maandishi.

"Nikipiga simu je, mkuu?" aliuliza.

"Simu haina sahihi, mwalimu. Na nitataka kujua kila kosa ni la nani. Kamati haipendi makosa yasiyo na mwenyewe."

Ndiyo maana Ijumaa ile, saa mbili na robo asubuhi, Mwalimu Sindano alisimama mbele ya meza ya ukaguzi, tepu yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Roboti walikuwa wameifunika kwa kitambaa cheupe alichokishona yeye mwenyewe, chenye pindo safi, na kwa ajili hiyo watoto waliiita Bibi Harusi. Kapteni, binti mrefu ambaye hakukubali kitu kifanywe bila mkono wake kupita, ndiye aliyeifunua. Betri, mvulana mnene wa maneno mengi, alibeba kile kilichompa jina, betri ya roboti. Wa tatu wao aliitwa Kimya. Yeye ndiye aliyeandika programu, na hakuna aliyekumbuka lini alisema sentensi nzima.

Mkaguzi alikuwa kijana wa fulana ya njano. Pembeni yake palikuwa na sanduku la mbao lililo wazi upande mmoja.

"Shikamoo, mama. Sheria ni sentimita arobaini na tano kila upande. Iingie humu bila kugusa."

"Marahaba. Itaingia. Tumepima."

Kapteni akaisukuma. Bibi Harusi akaingia robo, akakwama kwenye kizingiti, akalia kwa sauti ya chuma juu ya mbao. Kapteni akasukuma tena. Kutoka meza ya nyuma mtoto wa timu nyingine akasema, "Bibi harusi amenenepa!" na watu wakaangua kicheko.

"Haiwezekani," alisema Kapteni. "Nimepima mara tatu. Arobaini na nne na nusu."

"Mara tatu za ndotoni?" Betri akamnong'oneza.

Mwalimu Sindano akavua tepu shingoni. Ilikuwa tepu ya kitambaa, ya njano iliyofifia, aliyopewa siku alipomaliza mafunzo yake ya ushonaji, na haikuwahi kulala nje ya chumba chake. Akapima mwenyewe upana wa roboti mbele ya watu wote. Arobaini na nne na nusu.

"Umeona, mwanangu?"

Mkaguzi akalaza rula ya chuma palepale. Arobaini na sita.

"Samahani, mama. Rula hii haina huruma. Kateni, mrudi. Meza hii inafungwa saa nane kamili mchana, na asiyekaguliwa hachezi."

Walirudi kwenye meza yao wakiwa wamenyong'onyea. Ukutani palibandikwa ratiba: walikuwa na mechi tatu, saa nne, saa sita na saa tisa na nusu. Kapteni alikuwa ameshika kichwa.

"Nilipima mara tatu, Mwalimu. Haki ya Mungu."

"Najua. Fungueni zile pau mbili za mbele."

Meza ya jirani ilikuwa ya timu kubwa, na msimamizi wao alikuwa fundi wa lifti, mtu wa mvi na suruali yenye mifuko kila mahali. Aliwatazama kwa muda, kisha akaja na msumeno wa chuma, drili na rula.

"Mara ya kwanza, dada?"

"Inaonekana?"

"Mmekuja na soketi moja ya umeme na viti viwili. Inaonekana. Usijali. Sisi mwaka wetu wa kwanza roboti tulikuja nayo, programu tukaiacha nyumbani kwenye kompyuta ya mjomba wa mtu. Siku nzima tulikuwa tunasukuma toroli."

"Kwa nini unatusaidia? Si tunashindana?"

"Humu ndani adui ni saa tu. Halafu, hujui? Mechi huchezwa timu mbili kwa mbili, kwa kura. Mchana huu huenda ukawa mwenzangu."

Hakujua. Hakuna aliyemwambia. Na kabla hajaipokea vizuri habari hiyo, wasichana wawili wa fulana nyekundu walifika mezani wakihema.

"Nyie ndio wenzetu wa saa nne! Mnakuja au hamji?"

Kapteni aliwaonyesha pau zilizofunguliwa. Mmoja wa wale wasichana akafumba macho kama mtu aliyepigwa.

"Basi tunaingia peke yetu," alisema. "Asanteni sana."

Watoto walipoinama kukata chuma, Mwalimu Sindano alijitenga hadi mwisho wa meza na rula ya fundi wa lifti. Akainyoosha tepu yake juu yake. Mwanzo wa tepu na mwanzo wa rula vililingana. Kwenye kumi, tofauti ilikuwa ndogo, kama unene wa punje ya mchele. Kwenye ishirini na tano tofauti ilikuwa ya kuona kwa macho. Na pale tepu yake iliposema arobaini na nne na nusu, rula ilisema arobaini na sita.

Tepu ilikuwa imevutika. Miaka ya kuvutwa viunoni na mabegani ilikuwa imeirefusha kidogo kidogo, na yeye hakuwahi kuona. Angeonaje? Nguo iliyozidi sentimita moja haimlalamikishi mtu. Wateja waliomletea vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi walimsifu mtaa mzima kwamba nguo zake hazibani, na yeye sifa zile alizikubali akadhani ni mkono wake. Kumbe ilikuwa tepu. Alikuwa amempa Kapteni tepu ile kwa mkono wake, tena kwa majivuno: "Hii haijawahi kunidanganya."

Akaikunja, akaitia mfukoni. Akajiambia atasema baadaye, wakishaingia.

Kukata pau mbili kulikula saa mbili nzima, kwa kuwa hakuna mtoto wao aliyewahi kushika msumeno wa chuma, wala yeye mwenyewe. Matundu ya skrubu yakawa hayapo tena mahali pake, ikabidi watoboe upya. Tundu la kwanza lilikwenda upande, wakaanza tena. Saa nne ikapita. Walisikia filimbi na kelele za mechi yao ikichezwa bila wao. Saa sita ikapita. Safari hii wenzao hawakuja hata kuuliza.

"Mwalimu," alisema Betri, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha, "tukikosa na hii ya mwisho, itakuwaje?"

"Madawati," alisema Kapteni bila kuinua kichwa.

Waliifikisha roboti kwenye meza ya ukaguzi ikiwa imebaki dakika sita kabla ya saa nane. Mkaguzi alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi. Bibi Harusi akateleza ndani ya sanduku la mbao bila kugusa, na yule kijana akabandika stika ya kijani. Mwalimu Sindano alitaka kufurahi, lakini furaha haikuja. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeikamata tepu.

Saa tisa na nusu waliingia uwanjani. Wenzao kwa kura walikuwa walewale wa fulana nyekundu.

"Angalau safari hii mmekuja," alisema yule aliyefumba macho asubuhi.

Kazi ilikuwa kusukuma mipira hadi kwenye kapu la upande wa pili, kwa dakika mbili na nusu. Filimbi ikalia. Kapteni akasukuma kidhibiti mbele, na Bibi Harusi, badala ya kwenda mbele, akaanza kuzunguka. Akazunguka mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Kapteni akajaribu kushoto, akajaribu nyuma. Roboti iliendelea kuzunguka palepale kama mbwa anayetafuta pa kulala. Watu jukwaani wakaanza kuhesabu mizunguko kwa sauti.

Ndipo Kimya akafungua kinywa. "Magurudumu ya kushoto hayana umeme. Waya umebanwa na ule upau tuliokata."

"Tufanye nini?" Kapteni alilia.

"Hakuna."

Alisema kweli. Ndani ya uwanja mtu haruhusiwi kuigusa roboti. Walisimama wakaitazama mpaka filimbi ya mwisho. Haikusukuma mpira hata mmoja. Timu ya fulana nyekundu ilifunga mipira minne peke yake na ikashindwa kwa mmoja.

Nje ya uwanja, kwenye korido yenye harufu ya sakafu iliyopigwa deki, Betri alijikaza. "Kucheza imecheza, Mwalimu. Muziki tu ndio haukuwapo."

Kapteni alimvuta mwalimu wake kando. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imetulia, na utulivu ule ulimuumiza Mwalimu Sindano kuliko machozi.

"Mwalimu, nimefikiria. Tumepita ukaguzi na tumeingia uwanjani. Imebaki ile ya msimamizi. Andika kwamba kosa la vipimo ni langu. Kamati itanitoa kwenye chama, basi. Chumba kitabaki kwa wenzangu."

"Wewe ndiye uliyekijenga chama hiki."

"Ndiyo maana."

Mwalimu Sindano alimtazama. Hesabu ya binti ilikuwa sahihi kabisa. Mwanafunzi akikosea, ni mtoto amekosea. Mwalimu wa ushonaji akikosea kupima, kamati itasema ndiyo yaleyale tuliyoyasema, sindano na roboti wapi na wapi, na madawati yataingia kabla ya adhuhuri. Neno moja tu la uongo, na hata hilo binti mwenyewe amelitoa kwa hiari.

"Nenda ukale na wenzako," alisema. "Nina barua ya kuandika."

Walikuwa walale pale, mbali na nyumbani, hadi kesho yake jioni, ambapo gari walilokodi lingewarudisha. Barua ilipaswa kutangulia kwa basi la saa kumi na mbili. Akakaa kwenye benchi la ofisi ya vifurushi, akaiweka karatasi juu ya goti lake zima, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni:

"Mkuu, roboti yetu ilipita ukaguzi saa nane kasoro dakika sita. Iliingia uwanjani katika mechi moja kati ya tatu. Haikupata alama. Tulichelewa kwa sababu ilizidi kipimo kwa sentimita moja na nusu. Mwanafunzi aliyepima alipima sawasawa, mara tatu, kwa tepu niliyompa mimi. Tepu imevutika kwa uzee na mimi sikuikagua. Kosa hili lina mwenyewe, naye ni mimi. Tepu naiambatisha; tafadhali ilinganisheni na rula ya chuma mbele ya kamati.

Watakaokuja mwakani, awe nani msimamizi wao, waambiwe haya: waje na rula ya chuma, betri mbili na msumeno. Wafike ukaguzini wa kwanza. Wasiwaogope majirani. Wajue kwamba wakichelewa, kuna watoto wa shule nyingine wanaoingia vitani peke yao kwa sababu yao. Sisi haya hatukuyajua. Sasa watoto watatu wanayajua, na hawana pengine pa kuyatumia ila chumba kile."

Akatia sahihi. Akaikunja barua, akaiweka ndani ya bahasha pamoja na tepu, lakini tepu ilikuwa nene na gundi ikakataa kushika. Akajaribu tena, mdomo wa bahasha ukafumuka. Karani wa vifurushi alikuwa akimtazama.

"Mama, basi linaondoka."

Kwenye kola ya blauzi yake siku zote palikuwa na sindano, na uzi mweusi umezungushwa juu yake. Akaichomoa, akaushona mdomo wa bahasha kwa mishono ya karibu karibu, kumi na mmoja, akafunga fundo na kuukata uzi kwa meno.

Karani aliipokea, akaigeuza huku na huku. "Ndani kuna nini?"

"Barua. Na tepu ya kupimia."

"Inavunjika?"

"Hapana. Huvutika tu."

Karani akagonga muhuri, akaitupia bahasha kwenye kapu la basi, na kuli akalibeba kapu hadi nje, injini ikiwa tayari inanguruma.