Milango Iliyofungwa Siku ya Dimitri

Evanthia alikuwa amekwisha kula kiapo: nyumba ya wageni aliyoachiwa na bibi yake haitafungwa Oktoba kama zinavyofungwa nyingine zote za milimani. Kiangazi watu hujazana pwani kama dagaa kwenye ungo. Vuli ikija, mialoni ikipukutisha majani, huku juu hapandi mtu. Basi aliiandikia ofisi moja ya Vienna inayowatafutia wateja wake mahali pasipo na msongamano, akaiahidi kitu kimoja tu: ukimya. Ofisi ikamtuma Bi Hedwig aje kukagua. Akiridhika, wageni watakuja hadi theluji ianguke. Asiporidhika, Evanthia atamfuata kaka yake Athens, akaoshe vyombo kwenye mkahawa wa watu.

Bi Hedwig akasema atafika tarehe ishirini na sita. Evanthia akajibu karibu sana. Alikuwa anafagia ua alipoikumbuka tarehe yenyewe, ufagio ukamponyoka. Ni siku ya Mtakatifu Dimitri, na katika watu thelathini na mmoja wa kijiji kile, saba wanaitwa Dimitri. Huko siku ya mtakatifu mwenye jina lako ndiyo sikukuu yako, na siku hiyo ya jina humwaliki mtu. Unaacha mlango wazi, apitaye aingie. Mapipa ya mvinyo mpya hufunguliwa siku hiyohiyo, na zumari halinyamazi. Alisahauje? Kwake zile hazikuwa kelele. Zilikuwa Oktoba.

Akawaendea wote saba, akianza na mpiga zumari, Mzee Mitsos, maana Mitsos ni Dimitri kwa kifupi.

"Binti, umemwambia huyo mama kwamba huku kuna ukimya?"

"Nimemwambia."

"Na mimi sijafa?"

Evanthia hakucheka. "Mzee wangu, nyumba kumi na tisa hapa zina kufuli, wenyewe wamehama. Nipe siku moja, yangu isiwe ya ishirini."

Mzee akaguna kwamba kichwa kile kigumu ni cha bibi yake mtupu, kisha akakubali. Wenzake wakafuata, wakinung'unika.

Siku ilipofika, milango saba ikafungwa. Bi Hedwig, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kupandia milima, aliketi uani na chai yake, akafumba macho. Alisema ana miaka hajasikia utulivu kama ule.

Saa tisa alasiri yakapanda magari mawili, halafu manne. Wakashuka watu wa kijiji cha bondeni, wamevaa nyeusi, wamebeba brandi na mikate mikavu ya matanga. Mmoja wao alikuwa ameiona milango ya kina Dimitri imefungwa, na katika milima ile mlango haufungwi siku ya jina ila kwa msiba. Wakapigiana simu. Walipofika uwanjani, Bibi Vasilo, binamu yake Mitsos, alikuwa tayari anaomboleza kwa sauti ya kupasua mawe.

Mitsos akachungulia dirishani. "Vasilo, unamlilia nani?"

"Nakulilia wewe, mwanaharamu. Mbona hujafa?"

Bi Hedwig akasimama, akauliza kwa upole aliyefariki ni nani. Evanthia aliuona uongo umekaa tayari mdomoni: aseme ni msiba, wataondoka sasa hivi. Akaumeza.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Niliwafunga midomo kwa ajili yako. Ukimya ninao, mama, lakini huu wa leo niliuiba. Leo ni siku yao."

Hakungoja jibu. Alivuka uwanja, akagonga mlango wa kwanza kwa ngumi. "Fungua, mzee. Piga." Akaendelea hadi wa saba, na nyuma yake zumari likaanza.

Bi Hedwig alikunywa glasi tatu, ameketi ubavuni mwa Vasilo, ambaye sasa alikuwa akilia kwa kicheko. Daftari lake la ukaguzi lilibaki mkobani.

Asubuhi kijiji kizima kililala. Husikii ila majani yakianguka. Bi Hedwig akafungua daftari mezani.

"Jina jingine ni lini?"

"Novemba nane. Mikaeli. Wako wawili tu."

"Niandikie yote, mwaka mzima. Wanaotaka ukimya nitawaleta siku za katikati, zisizo na jina. Wengine, nitawaambia waje siku zenyewe."

Evanthia akavuta kiti, akachukua kalamu, akaandika Mikaeli kwa nguvu hata karatasi ikatoboka.