Sare ya Nyanjige

Jumatatu ya tatu tangu Nyanjige aozeshwe kijiji cha Ipililo, sare yake ilifika shuleni saa moja kasoro, ikachukua fagio na kufagia sehemu yake ya uwanja. Shati jeupe, sketi ya bluu, ndani hamna mtu. Mwalimu Felisita alipoita jina lake darasani, mkono wa shati ulinyooka juu. Darasa la saba likaendelea na hesabu za sehemu.

Jumamosi asubuhi mwalimu alimfuata Masunga, baba wa binti, akamkuta akinywesha ng'ombe wa mahari. Baba akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwalimu. Sare tumeiacha ije," alisema Masunga. "Tukiifungia sandukuni inagonga, hatulali."

"Na mtoto, baba?"

"Mtoto ana kaya yake sasa."

Ana miaka kumi na minne. Felisita aliliandika hilo katika barua tatu kwenda wilayani, kila moja ikiwa kali kuliko iliyotangulia. Mwezi wa nne akaja Bwana Joakim, afisa wa mahudhurio. Akapita mstarini akihesabu sare.

"Mwalimu, unatusumbua na barua za mtoro, mbona yupo?"

"Hiyo ni sare tu, bwana afisa."

Joakim aliitazama kola, pale shingo ilipotakiwa kuwa. "Fomu inauliza kama mwanafunzi ana sare. Kichwa hakijaulizwa."

Akajaza: watoro, hakuna. Akamaliza soda yake taratibu. Felisita alitamani kumpasulia ile chupa kichwani, maana hicho angalau kilikuwepo. Lakini mwalimu anayebishana na wakubwa huhamishwa, na mnyonge hana haki. Akamsindikiza hadi kwenye gari.

Msimu wa kuvuna pamba sare ilianza kuchelewa. Ilikuja polepole, ikipumzika njiani. Felisita aliandika barua ya nne. Jibu lilikuja ndani ya fremu: cheti cha pongezi, mahudhurio asilimia mia. Mwalimu mkuu akakitundika ofisini, juu ya ratiba.

Siku hiyohiyo, katikati ya kipindi, kifungo cha kiuno cha sketi kilikatika na kubingirika hadi mbele ya ubao. Hakuna aliyecheka. Felisita alikiokota. Akaiita sketi mbele, akafumua mshono wa kiunoni, akauachia nafasi ya vidole vitatu kwa ajili ya tumbo, akashona upya. Sketi ilisimama mpaka akamaliza, ikarudi kukaa.

Kisha akafungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Mkono wa shati ulinyooka. Akaweka alama ya vema.