Mate Kwenye Barua

Asubuhi moja, kabla ya kusoma chochote, fundi cherehani alichukua kitambaa akafuta mate kwenye kioo cha kompyuta ya sebuleni. Barua ya juu ilinuka vitunguu. Mama mkwe alikuwa ameshaipitia. Iliyofuata ilinuka sigara za shemeji.

Shemeji huyo ndiye aliyeiwekea kompyuta mfumo wa Linux, akampa kila mtu jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Baruapepe ikabaki moja, ya nyumba nzima, na wote wanne wakapewa ruhusa ya kusoma, kujibu na kufuta. "Kwani tunafichana nini?" mume aliuliza, na hoja ikapita. Hivyo neno la siri la fundi likawa linalinda picha ya ua aliyoipambia kioo chake, basi.

Haukupita muda, kila barua iliyosomwa ikaanza kubaki na mate ya msomaji. Yalichuruzika mezani hadi sakafuni. Mama mkwe akaleta beseni, akalalamika kwamba watu wa siku hizi wanasoma midomo wazi.

Fundi alikuwa akisubiri jibu la kiwanda cha sare. Alikuwa ameomba kazi ya kukata vitambaa, kwa maana alichoka kupinda suruali za majirani pembeni ya kitanda. Kusubiri kulipomshinda, asubuhi hiyo akafungua pipa la barua zilizofutwa.

Alikuta barua ya kiwanda imetafunwa kama mfupa wa kuku. Yalisalia maneno machache: "tunafurahi kukupa nafasi". Ilinuka mayai ya kukaanga na meno yasiyopigwa mswaki. Hakuhitaji kuuliza ni mdomo wa nani, alilala nao mto mmoja. Chini yake palikuwa na jibu lenye jina la fundi, kwamba ameghairi, nyumbani kuna majukumu. Akamfuata mume mezani.

"Hii umeitafuna wewe?"

Mume alikuwa anakula. "Barua ni ya nyumba, mke wangu. Mimi si wa nyumba hii?"

"Ilikuwa yangu."

"Basi ungeiwahi."

"Yaishe, mwanangu," mama mkwe akaingilia. "Beseni limejaa, hebu kalimwage."

Fundi akalimwaga. Aliporudi alimwomba shemeji amfungulie baruapepe yake peke yake. Shemeji akakuna kichwa. "Unanitafutia ugomvi, shemeji. Ngoja kwanza nimuulize kaka."

Jioni fundi alikiandikia kiwanda upya: lile jibu halikuwa lake, kazi anaitaka, kesho akiitwa anakwenda. Akatuma, akalala akiwa amempa mume mgongo.

Kulipokucha, alikuta barua yake imelowa chapachapa. Juu yake palikuwa na nyingine, nayo ina jina lake, ikikiomba kiwanda radhi kwa usumbufu wa jana. Ilinuka mayai.

Akanyoosha mkono kuchukua kitambaa. Kilikuwa bado hakijakauka.